Jogoo Niliyempeleka kwa Bosi

Kwetu Ilembo asubuhi huanza na ufagio. Nafagia uwanja, nawasha moto, nabandika uji. Mume wangu Salvator hutangulia shambani Mwamkulu. Binti yetu Jeannine hunywa uji akiwa amesimama, kisha hukimbilia kazini, kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kazi yake ni kumimina mpunga juu na kukinga mchele chini.

Mimi naitwa Vestina. Nimesoma mpaka darasa la saba. Naandikia akina mama wenye hofu kama yangu, maana hofu yangu ilimponza mwanangu.

Nililelewa kwenye makazi ya wakimbizi. Wazazi wangu walitoka Burundi. Kule makazini hukuweza kutoka bila kibali, na siasa ilikatazwa kabisa. Kukitokea neno, baba alimwahi mkuu wa makazi kabla hajaitwa, tena na kitu mkononi: kuku, au chane ya ndizi. Baadaye tulipewa uraia wa Tanzania. Cheti nimekifunga kwenye nailoni, kiko sandukuni. Cheti kilikuja, lakini hofu haikuondoka.

Jumatatu moja Jeannine alirudi na damu kwenye gauni.

"Mana yanje! Mungu wangu! Umeumia wapi?"

"Si yangu, mama. Ni ya mwenzangu Séverine. Mkanda wa mashine umemkata kidole."

"Kidole chote?"

"Chote. Tumekitafuta kwenye pumba, hatukukiona."

"Bosi amesemaje?"

"Amesema Séverine alikuwa anapiga stori."

Jioni ile Jeannine alikwenda kwa jirani yetu, Mzee Yohani. Mzee huyu ni Mkonongo, mwenyeji wa hapa. Zamani alifanya kazi kiwanda cha mbao, na alikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Ukuta wa sebule yake umebandikwa magazeti ya enzi za Ujamaa. Kuna vibonzo humo. Kimoja kina bwana wa tumbo kubwa, ana mirija mdomoni, na mirija imechomekwa kwenye migongo ya wafanyakazi. Anawanyonya. Jeannine anapenda kuchora tangu utoto. Alikitazama kibonzo kile mpaka giza likaingia.

Baada ya siku mbili karatasi ilionekana kwenye mlango wa stoo ya mashine. Imechorwa mtu wa tumbo kubwa, kofia yake kama ya bosi. Ana mrija, na ndani ya mrija vinapanda vidole. Chini imeandikwa: "Anakula vidole vyetu." Jina la mchoraji halikuwepo. Wafanyakazi walicheka mpaka wakaegemea magunia.

Jeannine alinisimulia huku anacheka kwamba mchoraji ni yeye. Nikasema moyoni: hii ni siasa. Watasema hawa Warundi wamezidi. Watakuja kuchukua cheti.

Asubuhi nilimkamata jogoo wangu, nikamtangulia binti yangu mashineni. Bosi alikuwa anakunywa chai mlangoni.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, mama. Jogoo unauza?"

"Hapana, bosi. Nimekuja kumwombea mwanangu msamaha. Yule bado mtoto, hajui mambo ya siasa."

"Mtoto gani?"

"Jeannine. Ule mchoro, bosi."

Aliweka kikombe chini. "Kumbe ni Jeannine! Mimi nilidhani ni wale vijana wa magunia."

Alikuwa hajui. Mimi ndiye niliyemwambia.

Jogoo alimpokea, akamfunga kwenye mguu wa kiti. Jeannine alipofika, bosi hakumwacha hata asalimie. "Geuka na mama yako. Huna kazi hapa."

Tulipokaribia nyumbani mwanangu akasema, "Mama, umeniuza, na jogoo ukatoa wewe."

Bado niliogopa, nikaongeza kosa. Nikamwambia akae ndani, asiongee na mtu, mambo yapoe. Salvator alinigombeza, sikusikia. Wiki ikapita, na ya pili, na ya tatu. Kila pikipiki iliposimama barabarani, nilikimbia kuchungulia.

Siku moja Mzee Yohani akaja na mwanamke mwenye faili. Alikuwa Lidia, mfanyakazi wa chama cha wafanyakazi pale mjini.

"Mwanangu haendi popote," nilisema kabla hajakaa. "Sisi ni wa kuja."

"Wa kuja mpaka lini?" Mzee Yohani akacheka. "Mimi meno yameisha nikiwaona nyie hapa hapa!"

Lidia akauliza kwa upole, "Mama Jeannine, mna cheti cha uraia?"

"Tunacho."

"Basi ni raia. Kudai usalama kazini si kosa la kumnyang'anya mtu uraia. Kujiunga na chama cha wafanyakazi si kosa pia. Ni haki yake kisheria. Na sisi si chama cha siasa. Hatugombei ubunge. Tunataka mkanda ufunikwe."

"Mzee naye si alikuwa wa siasa?" niliuliza. "Ukuta wake wote siasa."

Mzee Yohani akashika kidevu. "Enzi zetu vilichanganyika, mama. Chama cha wafanyakazi kilikuwa chini ya chama cha siasa. Tulimchora bepari wa mbali, tukampigia kelele. Meneja wetu wa mbao, ambaye msumeno wake ulikata watu, hatukumchora. Mimi katibu niliogopa. Nakujua unavyojisikia."

Lidia akamgeukia Jeannine. "Ulifukuzwa lini?"

"Leo siku ya ishirini na saba."

Lidia alisimama. "Sheria inatoa siku thelathini kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Zikipita, itabidi ueleze kwa nini umechelewa, na wanaweza kukukatalia. Huhitaji kuwa mwanachama. Tunakwenda kesho."

Nilidhani namficha mwanangu, kumbe nilikuwa namzibia njia.

"Na ule mchoro?" Jeannine aliuliza.

"Kwenye mchoro ulikosea kidogo," Lidia alijibu. "Kidole hakikuliwa na tumbo la bosi. Kilikatwa na mkanda. Ukimchora tumbo, atajibu umemtukana, na anaweza kukushtaki. Chora ulichokiona."

Jeannine akachukua kalamu. Akachora mashine, mkanda uko wazi, mkono wa mtu uko karibu. Hakuongeza neno.

Kesho yake tulikwenda sote kujaza fomu. Salvator alinishika mkono. Baada ya wiki kadhaa tuliitwa pamoja na bosi. Msuluhishi aliuchukua ule mchoro wa pili, akamwonyesha.

"Mkanda wako uko hivi?"

Bosi alikohoa. "Kinga yake ipo. Iko stoo. Tuliitoa ili kusafisha pumba haraka."

"Kwa hiyo unayo?"

"Ninayo."

Wakakubaliana kwa maandishi. Jeannine arudi kazini. Kinga ifungwe kabla mashine haijawashwa tena. Bosi apeleke madai ya Séverine ya fidia ya kuumia kazini. Wafanyakazi sita wakajiunga na chama wiki ile, Jeannine akiwa wa kwanza.

Mama mwenzangu, sikwambii usiogope. Mimi naogopa mpaka leo. Ila hofu ikikushika, usikimbilie kwa bosi kumsemea mtoto. Muulize kwanza mtoto. Kisha muulize anayejua sheria, tena mapema, kwa sababu siku zinakwenda.

Bado sikuamini kwamba kinga imefungwa, nikaenda mashineni kujionea. Mashine ilikuwa inanguruma. Mkanda ulikuwa nyuma ya wavu wa chuma.

"Weka mkono, mama," Jeannine alisema.

Niliweka kiganja kwenye wavu. Upepo wa mkanda ulinipiga, na mtetemo ukapanda mpaka kiwiko. Nilipoutoa mkono, nilivihesabu vidole. Jeannine akacheka.

Mimi sikucheka. Nilimshika mkono, nikahesabu na vyake.