Mvumo wa Spika ya Kushoto

Becky alibonyeza rimoti, taa nyekundu ya amplifaya ikazimika, lakini mvumo haukuzimika.

"Mburu, hebu skiza. Si nimeizima?"

"Hiyo ni stima tu," mumewe akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu. "Itatulia."

Haikutulia. Ulikuwa mvumo mdogo wa chini chini, kama wa mtu aliyefumba midomo, na ulitoka kwenye spika ya kushoto peke yake, ile iliyokaa kando ya mlango wa jikoni. Seti ile ya muziki ndiyo iliyokuwa fahari ya Mburu pale mtaani Mugutha. Aliinunua ili baba mkwe, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, akija akute nyumba ya mtu aliyefanikiwa. Na kweli mzee alikuja, akasikiliza kwaya kwa masikio mawili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wengine hushiba ugali. Mburu alishiba sifa za wakwe, na njaa yake ilirudi kila Jumapili.

Fundi Jared aliitwa kutoka Ruiru mjini, mtu mzima mwenye tabia ya kuongea na vyombo vilivyoharibika. Alichomoa waya wa televisheni, mvumo ukabaki. Akachomoa waya wa dikoda, ukabaki.

"Mara nyingi ni shida ya earth, ile waya ya ardhini, boss," akasema. "Ukichomeka vitu kwa soketi tofauti, stima inazunguka ikitafuta pa kuenda. Ndio inanguruma."

Akahamishia plagi zote kwenye soketi moja. Wapi! Akabadilisha spika, ya kulia ikaenda kushoto, na mvumo ukabaki palepale kando ya mlango wa jikoni. Jared akakuna kidevu, akaufuata waya wa spika hiyo kwa vidole hadi akafika mahali ulipoungwa kwa utepe mweusi.

"Na hii waya ya kitambo umetoa wapi?"

Mburu akajibu haraka, "Ilikuwa tu hapa nyumbani."

Jared akaikata, akatia mpya. Mvumo uleule. Mwishowe alichomoa amplifaya ukutani, akaitoa spika kwenye waya wake, akaiinua kwa mikono miwili. Haikuwa imeungwa na kitu chochote duniani. Akaiweka sikioni, akasikiliza. Kisha akaiteremsha polepole kama mtu anayelaza mtoto.

"Mimi natengeneza mashine," akanong'ona akikusanya bisibisi zake. "Hii inavuma, inanyamaza kidogo, inavuma tena. Mama, hii inapumua."

Mlangoni alimwachia Becky nambari ya mzee mmoja wa Thika, msomaji wa dua anayeitwa Yusuf, ambaye Jared aliwahi kumtengenezea kipaza sauti. Mburu alijifanya hakusikia. Alikuwa ameukodolea macho ule waya uliokatwa sakafuni, na alikuwa na sababu.

Siku ya itara, wakwe walipokuja kuona nyumba ambamo binti yao angeolewa, Mburu alikodi wazazi wa bandia. Gachau, dereva wa lori kutoka Kiganjo, alikuwa baba. Wamboi, muuza vitambaa, alikuwa mama, na aliujua umama huo vizuri kuliko hata wenye watoto. Baba mzazi wa Mburu alikufa zamani, hilo halikuwa kosa la mtu. Lakini mama yake, Waceke, alikuwa hai kule Makongeni, Thika, akifua nguo za watu, mikono imepasuka kwa sabuni, mguu mmoja anauburura. Mburu hakumwalika. Alimwonea aibu, na hakuna neno zuri zaidi la kulifunika jambo hilo.

Waceke alisikia kwa watu, akaja mwenyewe na kiondo cha ndizi. Baba mkwe akauliza, "Na huyu mama ni nani?"

"Ni wa kutusaidia na vyombo," Mburu akasema.

Waceke alimtazama mwanawe. Kisha akainamisha kichwa, akaingia jikoni, akafunga leso kiunoni, akaosha sahani za wageni wote huku akivuma wimbo bila maneno. Mburu alikaa sebuleni akicheka na wakwe, na wimbo ule ukimjia kupitia mlango wa jikoni. Baadaye aliwaambia wote kwamba wazazi wake wamehamia Laikipia.

Waceke alipofariki, ni wanawake wa chama chake waliomzika. Mburu alimwambia Becky ana semina Nakuru, akaenda kusimama nyuma ya watu makaburini Thika kama mtu aliyepotea njia. Mwenyekiti wa chama alimpa redio ya marehemu. "Jioni yote alikuwa anaongea na hii kitu," akasema. "Anaiita mwanangu." Mburu angemweleza nini Becky kuhusu redio ile? Aliitupa jalalani kabla ya kufika nyumbani. Waya wake tu ndio alioubakiza, maana ulikuwa mzuri, na ule wa spika ya kushoto ulikuwa mfupi.

Siku mbili tatu baada ya Jared kuondoka, stima ilipotea Mugutha nzima. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Friji ilinyamaza, muziki wa jirani ukanyamaza, na katika kimya kile mvumo ukapanda, si mvumo wa stima tena bali wimbo, unapanda na kushuka na kukata pumzi pale pale alipokuwa akikata pumzi mwanamke mmoja anayekamua blanketi zito, na pamoja nao ikaja harufu ya sabuni ya kipande na nguo mbichi, ikajaa sebule hadi Mburu akahisi unyevu kwenye shingo yake, akashika ukuta akitafuta mlango, akashika kitu chenye ngozi iliyopasukapasuka ambacho hakikuwa ukuta, na hakupiga kelele kwa sababu hata kelele aliionea aibu.

"Becky!" akanong'ona. "Uko wapi?"

Mkewe alikuwa ameketi sakafuni karibu na spika, mkono juu ya tumbo. Mimba yake ilikuwa kubwa, na picha ya hospitali ilikuwa imeonyesha msichana.

"Anacheza akiisikia," akasema kwa sauti ya chini. "Mburu, kuna mtu anaimbia mtoto wetu. Ni nani?"

Kesho yake Becky akapiga ile nambari.

Mzee Yusuf, muuza udi na manukato, alifika Jumamosi alasiri, jua likiwaka. Becky alimkaribisha kwa wasiwasi. "Baba akijua nimeleta sheikh kwa hii nyumba, Mzee, sijui nitamwambia nini."

"Mwambie nilikuja kunywa chai, binti yangu," Yusuf akasema, na akaketi mbele ya spika.

Alisoma dua kwa utulivu, muda mrefu. Mvumo ukashuka, ukamsikiliza. Alipomaliza alijifuta uso.

"Si maiti huyu. Maiti wamelala. Ni jini, na hana ubaya mwingi. Alikaa na mama mpweke, mama akawa anamwita mwanangu, naye akakubali kuwa mwana. Sasa mama hayupo, anatafuta watu wa kwao."

"Anataka nini kwetu?" Becky akauliza.

"Anauliza jambo moja. Huyo msichana aliye tumboni ataitwa nani?"

Becky karibu acheke. Nani asiyejua? Binti wa kwanza huitwa jina la mama yake baba. Jina walikuwa nalo tayari, hata limefumwa kwenye kishali cha mtoto: Wamboi.

Yusuf alimvuta Mburu barazani. "Mficha uchi hazai, kijana. Swali hilo ni lako. Ukijibu kweli mbele ya mkeo, jini ataondoka. Ukimdanganya, sauti utakayomdanganya nayo itakuwa yake. Sina dua ya kuirudisha."

Mburu aliitikia kwa kichwa. Alirudi ndani akiwa ameazimia, wallahi alikuwa ameazimia. Neno lilifika hadi kwenye meno. Kisha akamwona Becky akimtazama kwa imani yote ile, akamfikiria mwalimu mkuu mstaafu akipewa habari, wajomba wakicheka, kanisa zima likijua mama aliyeosha vyombo alikuwa nani, na akalimeza neno. Tangu utotoni alikuwa mwoga wa kuchekwa.

"Ataitwa Wamboi," akasema. "Hilo ndilo jina la mama yangu."

Mvumo ukakatika.

"Asante Yesu!" Becky akapiga makofi, machozi yakimtoka. Lakini Yusuf hakufurahi. Alikuwa anamtazama Mburu kama watu wanavyomtazama mfiwa.

Spika ya kushoto ikakohoa. Ikasafisha koo, kisha ikaongea, na sauti ilikuwa ya Mburu, na ule mkwaruzo wake mdogo wa asubuhi.

"Mama yangu anaitwa Waceke," ilisema. "Alifua nguo za watu Makongeni akanisomesha. Siku ya itara nilimkana akawaoshea vyombo. Siku ya kumzika sikuwa Nakuru. Nilisimama nyuma ya watu."

Becky alimgeukia mumewe. Midomo ya Mburu ilikuwa imefumbwa.

"Yule mama wa jikoni?" akauliza polepole. "Nilienda kumsaidia, akanikataza. Alinishika mkono akaniambia, nani atakubali uharibu hii mikono. Nilimpa chai kwa kikombe cha plastiki, Mburu. Nilimpa chai kwa plastiki!" Akamsogelea. "Niambie wewe mwenyewe. Alikuwa mama yako?"

Na hapo, kwa mara ya kwanza maishani, aibu ilimtoka Mburu yote. Hakumwogopa mkwe wala kanisa. Alitaka kusema ndiyo, alitaka kulisema jina lile kwa nguvu hadi Makongeni walisikie, aombe msamaha kwa aliyelala Thika na kwa aliyesimama mbele yake. Akajaza kifua hewa, akafungua kinywa.

Mvumo ukatoka. Wa chini chini, mrefu, bila neno hata moja. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamtoka, na ukatoka uleule.

"Alikuwa mama yangu," spika ikajibu kwa upole. "Nisamehe, Becky. Mtoto aitwe Waceke."

Becky alimtazama yule mtu aliyekuwa akivuma katikati ya sebule. Kisha akamgeuzia mgongo, akapiga magoti mbele ya spika ya kushoto, na akaanza kuzungumza nayo.