Wembe wa Mnadani

Rafiki yangu mmoja ni kinyozi, na haya yalimpata yeye. Mwezi uliopita alimkata mteja kidevuni, na tangu siku ile watu wakawa wanakipita kiti chake kama hawakioni. Ndipo akashinda, kwenye mnada wa mtandaoni, wembe wa zamani wa kukunja, ulionolewa na kung'arishwa upya.

Kifurushi kilifika jioni, akijiandaa kufunga duka. Dada yake akauchungulia ule wembe bila kuugusa, kisha akalitazama tangazo la mnada kwenye simu ya kaka yake.

"Kizuri chajiuza, kaka. Huyu muuzaji mbona hata jina hajaweka? Picha inang'aa hivyo kuficha ufa."

"Nikunyoe wewe kwanza, ujue."

"Ndevu sina, na shingo bado naihitaji." Akacheka, akaenda zake.

Maneno yale yalimkaa. Umeme ulipokatika, alisimama mlangoni, kiti kikiwa nyuma yake, akaikuza picha ya mnada kwenye simu autafute ufa. Hakuuona. Alichokiona, ndani ya bapa la wembe lililong'aa kama kioo, ni kiti cha kinyozi ambacho mkono wake wa kushoto umezungushiwa utepe wa gundi wa buluu.

Utepe ule aliuzungusha yeye mwenyewe mchana uleule. Picha ilikuwa mtandaoni wiki ya tatu sasa.

Akaikuza tena. Kitini palikuwa na mtu, amefunikwa shuka nyeupe, ameinua kidevu, anangoja.

Nyuma yake, gizani, kiti kikalia, kama kinavyolia siku zote mteja anapoegemea.