Kiu Iliyotoka kwa Panya

Panya namba sita alikuwa amemaliza chupa nzima ya maji, na maranda chini yake yalikuwa makavu kabisa. Eufrasia, msaidizi wa maabara, akaipima chupa mara mbili. Panya hunywa vijiko vichache kwa siku. Huyu kabugia nusu lita, hajakojoa hata tone. Tumbo limemvimba mpaka ngozi inang'aa, na kizimba chake kinanuka matope yaliyooza.

"Na ndiye tuliyemchoma sindano," alimwambia Gregory, mtafiti wa chuo pale Nyahanga, aliyekuwa akijaribu dawa ya ubongo. "Si ulisema inakata kiu?"

Gregory akajikuna kichwa. Panya wake wa maabara walikuwa wamekufa, naye, kwa uvivu tu, badala ya kuagiza wengine akachukua wa machimbo ya Mwakitolyo, waliotoka kwenye duara, shimo la dhahabu, lililotitia na wachimbaji wanne ndani. Wale watu walikaa mle siku nyingi bila maji kabla ya kukata roho. Panya wakatoka wamenona. Jamani, mtu na elimu yake yote! Hakujiuliza wamenona kwa kula nini?

"Tumwongezee dozi," akasema.

Saa saba mchana panya alikuwa amelala fofofo, pua mbali na chupa. Eufrasia akainama kumtazama, mkono tumboni, maana alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kwanza ziliharibika; hii aliapa ataizaa hata kwa kutambaa. Ndipo akasikia glu, glu. Mapovu yakapanda ndani ya chupa, maji yakashuka, na kwenye ncha ya mrija ute mzito wa kijani ukawa unavutika na kurudi, unavutika na kurudi, kana kwamba kuna midomo isiyoonekana inaunyonya, na ile harufu ya matope ikamjaa kooni mpaka akakimbilia sinki kutapika, na alipoinua kichwa panya alikuwa amekufa, chupa imenyamaza, na glu moja, ndogo, ikasikika ndani ya tumbo la Eufrasia mwenyewe.

Kliniki walimwambia maji ya uzazi yamepungua, anywe maji mengi. Akanywa ndoo nzima. Baada ya siku tatu yalikuwa yamepungua zaidi, na mtoto hachezi.

Mama mkwe wake akampeleka Runzewe kwa mganga, bibi Agnetha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Lala hapa."

Eufrasia akalala, akamsimulia habari ya panya na sindano. Bibi akaweka sikio tumboni, akaliondoa haraka, akatema mate pembeni.

"Kuna anayekunywa humu," akanong'ona. "Ni jini wa kiu. Dawa yenu imemfukuza kwenye kichwa cha panya, akaingia palipo karibu. Akimaliza maji, atamnyonya mtoto."

"Mtoe, bibi, nakuomba!"

"Mimi simwezi. Atahamia kwenye mdomo utakaomwita, tena kwa kile kile alichokinyonya. Umenielewa?"

Eufrasia alielewa: ni ule mrija wa chupa ya panya.

Kesho yake alirudi maabara. Gregory hakuwa amesafisha chochote, mvivu yule! Mzoga wa panya ulikuwa umepasuka, funza wamejaa, na ute wa mrija umegeuka mweusi. Eufrasia akachomoa chupa, akatia mrija mdomoni.

"Eufrasia! Una wazimu?" Gregory akapiga kelele.

Ute ulikuwa na uvuguvugu, na ndani yake mna manyoya. Akafumba macho, akanyonya, akameza, akanyonya tena. Kitu baridi kikapanda kutoka tumboni, kikapita kifuani, kikajikunja chini ya ulimi. Papo hapo mtoto akapiga teke. Eufrasia akalia kwa furaha, midomo yake ikinuka uvundo.

Wiki mbili baadaye alijifungua. Maji yakamwagika pwaa, mengi, yamechanganyika na damu, yakatapakaa sakafuni, na mtoto wa kike akalia kwa nguvu. Mama mkwe akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

"Hongera, mama. Mpokee mwanao," mkunga akasema.

Eufrasia hakunyoosha mikono. Alikuwa ameinama ukingoni mwa kitanda, anayatazama yale maji sakafuni, anameza mate.