Upondo Ulisema Mbili

Miaka ile, kila Jumapili ya Julai, nyumba ya kina Hiske iliamka kwa harufu ya kahawa ya Bibi Froukje. Baba alibeba chupa ya supu ya njegere, Sytse, kaka yake Hiske, akabeba mkate mweusi na jibini, na Hiske akabeba koti la Bibi, lililonuka lami na chumvi. Wakashuka bandarini, wakapanda mashua yao, wakaenda kuwatazama sili, wanyama wa baharini wanaopenda kuota jua mchangani. Hiske sasa ni mtu mzima, lakini hadi leo akinusa lami husikia kamba za mashua ile zikilia.

Bibi ndiye aliyeshika usukani. Macho yake yalikuwa yamefifia, ila mikondo ya bahari ile aliijua kama vyumba vya nyumba yake. Alihitaji kitu kimoja tu: sauti ya mwenye upondo, ule mti mrefu wa kupimia kina cha maji. Mtu huyo alisimama mbele, akazamisha upondo uliopakwa pete nyekundu na nyeupe, akataja pete zilizolowa. Zikipungua hadi tatu, maji ni haba na mashua hugeuzwa. Kiangazi kile Hiske alitimiza miaka kumi na mmoja, na Baba akamkabidhi upondo.

"Saba!" alipaza sauti. "Sita! Sita tena!"

Maji yalikuwa yakipwa. Mbele yao fungu la mchanga lilikuwa limetokeza, na sili wapatao ishirini wamejilaza juu yake, wanene, wakipiga miayo.

"Utaona mikia tu, kama mwaka jana," Sytse alimchokoza dada yake. "Mwenzako Jikke aliona mpaka kitoto kikinyonya!"

Maneno yale yalimchoma. Upondo ulilowa pete tatu.

"Tano!" Hiske akasema. Ukalowa mbili. "Tano, Bibi!"

Mashua ikakwaruza mchanga, ikakwama. Sili wakaserereka majini kwa kishindo. Kikabaki kitoto kimoja, kikilia kama mtoto wa mtu.

Baba alisukuma hadi akalowa jasho. Haikusogea.

"Basi. Tutakaa hapa mpaka maji yarudi," alisema.

Kichwa cha mama sili kilichomoza, kikaitazama mashua, kikazama.

"Hatoki akituona," alisema Bibi. "Na kitoto hunyonya tu wakati fungu liko wazi. Maji yakijaa, kitashinda na njaa."

Baba akashusha sauti. "Mama, usikasirike. Miaka yote hujawahi kukwama hapa. Labda ni macho. Labda huo usukani sasa niushike mimi."

Bibi aliupapasa mpini wa usukani uliolainishwa na viganja vyake, kisha akauachia polepole.

Hiske aliutazama upondo mkononi mwake. Angenyamaza, nani angejua?

"Si macho ya Bibi," akasema. "Upondo ulisema mbili. Mimi nikasema tano. Nilitaka tuwasogelee sili."

"Ala! Kumbe ni wewe!"

"Sytse, funga domo," alisema Baba, naye akamkazia Hiske macho.

"Kugomba baadaye," Bibi akasema. "Sasa tujifiche."

Wakateremsha tanga, wakalala chini yake wote wanne, wamebanana kama samaki kapuni. Supu ikapoa. Tumbo la Sytse likanguruma, wakauma midomo wasicheke. Baada ya muda mrefu sana, kilio kikakoma. Hiske akachungulia kwenye tundu la tanga. Mama sili alikuwa amelala ubavu, kitoto kimemganda, kikinyonya. Ndicho alichotaka kukiona, na sasa machozi yalimzuia kukiona vizuri.

Maji yaliporudi na mashua ikaanza kutikisika, Hiske aliuweka upondo miguuni pa Baba. Bibi akauokota, akamrudishia.

"Macho yangu yamechoka kweli, mjukuu wangu. Ndiyo maana naona kwa mdomo wako. Leo umenidanganya, kitoto kikalia njaa, na mimi nikakaribia kunyang'anywa usukani. Lakini ukasema kweli wakati ungeweza kunyamaza. Mtu kama huyo nasafiri naye. Ukiona mbili, sema mbili, hata kama moyo unataka tano. Haya, taja!"

Hiske akazamisha upondo, akainama kuhakikisha.

"Nne, Bibi. Nne kamili."

Bibi akageuza usukani bila kuuliza tena.