Dozi ya Saa Nane

Nyumbani kwao kila mtu alikuwa na saa yake. Saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa ya mama. Kabla hata hajanawa uso, mama alikuwa ameshaponda nusu kidonge kati ya vijiko viwili, akakikoroga na maji kidogo, akayavuta maji hayo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kisha alikaa ukingoni mwa kitanda cha mwanawe mdogo na kusema, "Fungua mdomo, mama yangu." Saa nne usiku ilikuwa ya baba, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mara nyingi alikuwa na usingizi kumshinda mgonjwa mwenyewe. Na saa nane mchana ilikuwa ya Dada.

Dada alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina la shuleni alikuwa nalo, lakini tangu mdogo wake alipozaliwa, hata baba alimwita Dada. Huyo mdogo wake walimwita Chiriku. Alikuwa na miaka sita, mwembamba kama ufito, ila domo lake! Akiamka anaongea, akila anaongea, na mama aliapa kwamba hata usingizini alikuwa akiwagombeza watu.

Chiriku alizaliwa na tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vya moyo. Alipofikisha miaka minne, madaktari walimpasua kifua wakaliziba. Siku aliyotoka hospitalini baba alidhani mambo yamekwisha, akanunua soda ya kila mtu. Lakini mambo hayakuwa yamekwisha.

"Tundu limezibwa," mama alimweleza Dada, kama daktari alivyomweleza yeye. "Tatizo ni mishipa ya mapafu. Miaka minne ilimiminiwa damu nyingi kupita kiasi, ikakakamaa. Ndiyo hiyo wanayoita presha ya mapafu. Dawa inailegeza, damu inapita. Dawa ikiisha nguvu, mishipa inakaza tena, na moyo unabaki kusukuma kama mtu mwenye mkokoteni mlimani. Ndiyo maana dozi ni tatu kwa siku, na kila moja kwa saa yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Kwenye mlango wa kabati palibandikwa karatasi yenye vyumba vidogo, vitatu kwa kila siku. Aliyetoa dawa alitia alama ya vema. Karatasi hiyo ndiyo iliyopelekwa kwa daktari kila walipokwenda kliniki.

Kwa miezi mingi Dada hakukosa. Shule ilifungwa saa saba na nusu, akamshika Chiriku mkono, wakatembea polepole na kupumzika mara mbili njiani. Wakifika tu, vijiko, maji, bomba, alama ya vema. Kisha ikaja baiskeli.

Baiskeli ilikuwa ya kaka wa rafiki yake mmoja darasani. Rafiki huyo walimwita Breki, kwa sababu baiskeli aliyokuja nayo haikuwa na breki hata moja. Kaka mtu aliihitaji saa tisa, kwa hiyo Dada alijifunza kuendesha kwenye uwanja wa shule, tangu kengele ya mwisho mpaka wakati huo.

"Nikijua kuendesha, nitakubeba mpaka shuleni," Dada alimwambia mdogo wake. "Hutapumzika tena njiani."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Hata mvua ikinyesha? Hata nikinenepa? Hata nikiwa na mkoba?" Chiriku akakaa chini ya ukuta wa darasa, akajiteua mwalimu. "Nyoosha mgongo, Dada! Usiangalie matairi! We Breki, mshike!"

Siku ya kwanza walirudi nyumbani saa tisa na nusu, wamechoka na wana njaa. Wakala, Dada akafungua daftari la hesabu. Alikuja kukumbuka dawa aliposikia viatu vya mama mlangoni. Kalamu ilikuwa mkononi, na kabati lilikuwa pembeni yake. Akatia alama ya vema.

"Chiriku amekunywa dawa?" mama aliuliza huku akivua viatu.

Ni Chiriku aliyejibu, akakunja na uso kabisa. "Nimekunywa, mama. Chungu hiyo!"

Walipobaki wawili Dada alimnong'oneza, "Kwa nini umesema hivyo?"

"Ungekatazwa baiskeli," Chiriku akasema. "Halafu nani atanibeba?"

Ile nusu ya kidonge Dada aliificha ndani ya mkebe wake wa hesabu, chini ya bikari. Alijiambia ni mara moja tu. Lakini uongo wa kwanza ndio mgumu, wa pili unajipitia wenyewe. Kesho yake alikumbuka, akampa Chiriku dawa saa tisa na nusu, akatia vema kwenye chumba cha saa nane. Keshokutwa alisahau tena. Zipo siku alizokumbuka akiwa juu ya baiskeli, akasema moyoni, mzunguko mmoja tu wa mwisho. Hata wazo la kumpa dozi mbili kwa mpigo ili kufidia lilimpitia, akaliogopa, akaliacha. Wiki tatu zilipopita, mkebe ulikuwa na nusu kumi na tatu za vidonge, na karatasi ya kabatini haikuwa na chumba hata kimoja kitupu.

Chiriku naye akaanza kubadilika. Sentensi zake zilikatika katikati, akavuta pumzi, akaendelea. Njiani akapumzika mara nne badala ya mbili. Jioni moja mama aliinua uso kutoka kwenye nguo aliyokuwa akitia vifungo.

"Mbona leo nyumba imetulia hivi? Chiriku wangu, unaumwa?"

"Nimechoka tu, mama."

Dada aliinamia daftari lake. Hakuona hata herufi moja.

Jumatano ya wiki iliyofuata, Breki aliachia kiti cha baiskeli bila kusema, na Dada akaenda peke yake. Akaenda, akaenda! Upepo ulimpiga usoni, akacheka kwa sauti.

"Anaweza! Dada anaweza!" Chiriku alipiga kelele, akaanza kumkimbilia.

Kisha kelele ikakatika. Dada aligeuza kichwa akamwona mdogo wake amechuchumaa katikati ya uwanja, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka. Akairusha baiskeli chini, akakimbia. Midomo ya Chiriku ilikuwa ya rangi ya majivu, na jasho jembamba lilimtoka kwenye paji la uso.

"Mdogo wako ana nini?" Breki aliuliza kwa hofu. "Tumwite mwalimu!"

"Hapana, hapana, ni uchovu tu." Dada alimbeba mgongoni mpaka nyumbani, akimsikia anavyohema shingoni mwake. Alimpa dawa kwa haraka hata akamwaga kidogo. Alikaa naye akimtazama midomo, hadi rangi ikarudi taratibu.

"Tusimwambie mama," Chiriku akasema, macho ameyafumba. "Keshokutwa kliniki. Atakukasirikia."

Siku ya kliniki Dada aliomba ruhusa shuleni, maana Chiriku hakukubali kulala kwenye kitanda cha vipimo bila kushika mkono wake. Alikwenda na mkoba wa shule ili arudi darasani baadaye.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Alimpaka Chiriku mafuta mazito kifuani, akatembeza kifaa chake huku moyo ukionekana kwenye kioo, ukifungua na kufunga kama kiganja. Kwa kawaida alitania. Safari hii alinyamaza. Akarudia pale pale. Akarudia tena.

"Mama," alisema hatimaye, "presha ya mapafu imepanda. Imepanda sana tangu mara ya mwisho." Akaichukua ile karatasi, akaishusha miwani puani. "Na hapa hakuna dozi hata moja iliyokosekana. Sina familia yenye karatasi safi kama yenu."

"Ni huyu dada yake," mama alisema, akamgusa Dada begani. "Huyu ndiye mkono wangu wa kulia."

Dada alitamani sakafu ipasuke immeze.

"Basi maana yake dawa hii imeshindwa," daktari akaendelea. "Itabidi tumlaze, tupitishe mrija mwembamba kwenye mshipa wa mguu mpaka moyoni, tupime presha kwa undani, kisha tuongeze dawa ya pili yenye nguvu zaidi. Kwenye kipimo hicho atalazwa usingizi, na sitakuficha, mama: kwa mtoto mwenye presha ya mapafu usingizi ule una hatari zake. Nisingeutaka kama ningekuwa na njia nyingine."

Mama alianza kukunja ncha ya kitambaa chake na kuikunjua. Chiriku aliketi kitandani, akamtazama daktari, akamtazama Dada, halafu akasema kwa haraka bila kuulizwa, "Mimi nilikunywa zote. Zote kabisa. Dada hakusahau hata moja."

Njia ya mwongo ni fupi, na Dada aliona ya kwake imefika mwisho, tena mwishoni amesimama mdogo wake. Alifungua mkoba, akautoa mkebe wa hesabu, akaumimina juu ya meza ya daktari. Bikari ikaanguka, kichongeo kikabingirika, na vipande vyeupe vikatawanyika kati ya kalamu.

"Hakunywa," alisema. "Dawa haijashindwa, daktari. Ni mimi sikumpa. Nilikuwa najifunza baiskeli. Na siku nyingine nilimpa nimechelewa. Alama zote za saa nane msiziamini." Akamaliza kwa kunong'ona habari za siku ile uwanjani.

Mama alitazama vile vipande kana kwamba anavihesabu, kisha akamtazama bintiye.

"Dada? Wewe?"

"Nisamehe, mama."

Daktari alivuta kiti karibu na Dada. Hakufoka. Alimuuliza siku zipi, saa ngapi, akaandika kila jibu. Kisha akaikata kwa kalamu ile sehemu aliyoandika habari za kulaza.

"Mwanangu, nisikilize. Siku midomo ilipobadilika rangi ulitakiwa kumkimbiza kwa mtu mzima papo hapo. Hilo usirudie kamwe. Ukisahau dozi, mpe unapokumbuka. Kama saa ya dozi nyingine imekaribia, iache hiyo. Usimpe mbili kwa pamoja hata siku moja. Na niambie. Mimi siishi kwenu. Karatasi hii ndiyo macho yangu. Leo nilikuwa nakaribia kumtia mdogo wako hatarini kwa sababu ya alama za vema."

"Atapona?" Dada aliuliza.

"Tutaanza upya. Dozi tatu, kila moja kwa saa yake, asikimbie, asipande milima. Akizimia au akibadilika tena, mje hata bila miadi. Vinginevyo nataka kuwaona baada ya wiki nne, kabla ya kuamua lolote."

Nje, kwenye benchi la kusubiri dawa, Chiriku alilala mapajani mwa mama. Dada alikaa mbali kidogo, kama mgeni.

"Sogea hapa," mama akasema. "Nimekasirika, usidhani sijakasirika." Akamfuta Dada machozi kwa kiganja. "Lakini na mimi nina kosa. Nilikukabidhi kazi ya mtu mzima, halafu sikuuliza hata siku moja kama inakulemea. Ungeniambia unataka baiskeli, ningekataa?"

"Sijui, mama."

"Hata mimi sijui. Ndiyo maana ungeniambia."

Jioni baba alisimuliwa yote. Aliguna, akavua kofia yake ya kazini. "Mwanangu," alisema, "chuma kikipasuka ndani ukakipaka rangi juu, kitakuja kuvunjika watu wamekikalia." Halafu akashindwa kujizuia. "Sasa, hiyo baiskeli umeijua au hujaijua?"

"Baba Dada!" mama alimkemea, lakini yeye mwenyewe alikuwa akitabasamu.

Tangu siku hiyo, kengele ya mwisho ikilia, watoto walipitia kwanza kwenye kibanda cha mama cha kushonea, mtaa wa pili kutoka shuleni. Mama alitaka kumpokonya Dada dozi ya saa nane, baba akasema aachiwe, atajengaje uaminifu bila kazi? Basi Dada alibaki kuponda na kukoroga kando ya cherehani, mama akitazama, na kila mmoja aliweka alama yake. Baiskeli ilingoja mpaka dawa imemezwa, na Breki alimwomba kaka yake awaongezee nusu saa.

Baada ya wiki nne walirudi kliniki. Daktari alitembeza kifaa chake, akarudia, kisha akasema, "Eh! We Chiriku, nyamaza kidogo nisikie moyo!" kwa maana mtoto alikuwa akimweleza habari za paka wa jirani bila nukta wala mkato.

Presha ilikuwa imeshuka. Haikuwa imekwisha, na dawa ingeendelea, pengine kwa miaka, lakini kulazwa hakukuwa na haja kwa sasa. Mama alishusha pumzi ndefu, akamkumbatia Dada kwa nguvu mpaka mkoba ukamdondoka.

Daktari aliichukua karatasi mpya. Safari hii haikuwa safi. Chumba kimoja kilikuwa kitupu, na kando yake Dada alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: *Mvua kubwa, tulikwama shuleni, tulifika saa kumi na mbili. Mama alimpigia muuguzi, akasema tusubiri dozi ya usiku.*

Daktari alikisoma chumba hicho mara mbili, akakigonga kwa kidole.

"Mama, unaona hiki? Katika karatasi yote hii, hiki ndicho nilichokipenda. Karatasi ya mara ile ilikuwa nzuri na ilinidanganya. Hii ina dosari, lakini naweza kuitumia kumtibu mtoto." Akamgeukia Dada. "Kusahau ni kwa kila mtu, hata mimi nasahau. Kosa likisemwa mapema ni dogo, linarekebishika. Likifichwa linakua gizani, na mara nyingi anayelilipia si aliyelifanya. Kumpenda mgonjwa ni pamoja na kusema kweli juu yake. Utakumbuka?"

"Nitakumbuka, daktari."

"Basi nipe hiyo kalamu yako," daktari akasema, akachora vema kubwa, si ndani ya vyumba, bali chini ya karatasi, kwenye nafasi ya jina la mtunzaji wa mgonjwa.