Mstari wa Tatu wa Lebo

Jua lilikuwa linazama nilipotumwa kufunga madirisha ya maabara. Aliyenituma ni mdogo wangu. Mimi, dada mtu, niliyemfundisha hata kushika kibano.

Tulikuwa wawili tu kisiwani, tukichunguza nyigu wanaotaga mayai ndani ya viwavi. Watoto wao humla kiwavi polepole, akiwa hai. Miaka saba nilitafuta spishi mpya nikaambulia patupu. Yeye, mwezi wake wa pili, akamnasa mmoja: mweusi, kiuno cha uzi, mkia mrefu kama sindano. Bosi akapiga simu kumpongeza. Mimi akaniuliza kama mafuta ya jenereta yapo. Nikamwonea wivu.

Nyigu yule alikuwa kwenye sanduku la kioo, amechomwa pini, na chini yake lebo ya mistari mitatu. Mahali. Aliyemkamata. Na mwenyeji, yaani mdudu ambaye nyigu huyo alikulia mwilini mwake. Mstari wa tatu ulikuwa mtupu. Mwenyeji hakujulikana, na bila yeye, bosi alisema, ripoti haitoki.

Sikuwasha taa. Nikaing'oa lebo ya mdogo wangu, nikaandika nyingine harakaharaka yenye jina langu, nikaichomeka.

Harufu ikanijia... ya matunda yaliyooza.

Zzz...

Nikatazama sandukuni. Pini ilikuwa imesimama palepale, na lebo yangu.

Nyigu hayupo.

Kitu kikanichoma nyuma ya shingo. Mlango ukafunguka, mdogo wangu akaingia na tochi. Nilitarajia anifokee. Aliinama tu, akasoma lebo, kisha akanong'ona.

"Dada, umeruka mstari."

Nikasoma. Penye aliyemkamata palikuwa patupu. Jina langu lilikuwa chini, penye mwenyeji.

"Ni hili giza," nikasema. "Lete kalamu nirekebishe."

"Wino wetu haufutiki, dada. Si ulinifundisha mwenyewe?"

Sasa ni wiki ya pili. Daktari, kwa simu, anasema ni jipu. Majipu hayatembei... hili limeshafika begani. Kila jioni mdogo wangu ananiletea chai, anapima uvimbe kwa rula, anaandika. Hajawahi kuwa mpole kiasi hiki. Nilimuuliza kwa nini siku ile alinituma mimi, wakati madirisha yale huyafunga mwenyewe kila siku. Akanirekebishia mto.

Leo amenionyesha ripoti. Jina lake liko juu kabisa, kwa herufi nene, na nakiri bado linaniuma kuliko bega. Langu lipo pia, kwenye mstari wa mwenyeji. Mbele yake ameacha nafasi ya kujaza idadi ya watakaotoka.