Jumamosi ya Mwenye Ardhi

"Usinishike! Wewe ndiye unayeiambia kompyuta kwamba nimepumzika!"

Suhaila alisimama katikati ya ofisi ya mishahara ya kiwanda cha glavu za mpira, aproni yake ya plastiki ikichuruzika maji sakafuni. Dada yake mkubwa Rohayu, karani wa mishahara, aliurudisha mkono wake taratibu.

"Punguza sauti, adik, mdogo wangu. Encik Ramzi yuko chumba cha pili."

"Na asikie! Yeye si ndiye bwana meneja? Ijumaa napumzika, Jumamosi nasimama kwenye mashine, Jumapili napumzika tena. Mapumziko gani hayo, Kak Yu, dada yangu? Mkataba unasema siku mbili zifuatane, na tusipozipata tulipwe ovataimu. Iko wapi?"

"Programu inaona kwamba..."

"Programu ina miguu? Imevimba kama yangu?"

Rohayu aliitazama miguu hiyo. Sababu aliijua. Jimbo lao la Kedah hufunga kazi Ijumaa na Jumamosi; makao makuu ya kampuni, kule Kuala Lumpur, hufunga Jumamosi na Jumapili. Aliyeweka programu ya mishahara alizipakia kalenda zote mbili, kwa hiyo Jumamosi ilikuwa na nyekundu ya mapumziko mara mbili, na programu iliamini kwamba siku hiyo hakuna mtu kiwandani wa kulipwa ovataimu, hata mashine zikinguruma kutwa nzima. Dawa yake ilikuwa kufuta kalenda ya makao makuu na kuweka tiki kwenye kiboksi cha siku zinazofuatana. Alimweleza Encik Ramzi. Encik Ramzi alicheka. "Kosa linalotupendelea si kosa, Rohayu. Liache."

Naye akaliacha.

Suhaila alitoa glavu mfukoni, akaitupa juu ya meza. "Na hii je? Nimeivua kwenye mashine sasa hivi. Hakuna mtu aliyeivaa."

Rohayu aliipindua. Ndani ilikuwa na maji ya uvuguvugu, yenye chumvi iliyoanza kukauka kwenye vidole. Haikunuka utomvu wa mpira. Ilinuka kwapa, ilinuka mtu aliyefanya kazi bila kuketi.

"Ni jasho," alinong'ona.

"La nani?" Suhaila aliuliza, na hasira yote ilikuwa imemtoka usoni.

Jumamosi iliyofuata, baada ya sala ya adhuhuri, mayowe yalisikika kutoka ukumbi wa mashine. Kwetu, wasichana wa viwandani wakipiga mayowe, mameneja huita daktari, kisha mganga, kisha mtu wa kuleta mbuzi wa kafara. Hawamwiti kamwe mtu wa mishahara. Lakini Rohayu aliijua sauti ya mdogo wake, akashuka ngazi mbio.

Wasichana walikuwa wamejibana ukutani wakishikana. Swichi kuu ilikuwa imezimwa, na bado mnyororo ulikuwa unatembea, na juu yake ile mikono ya kauri ambayo glavu hutengenezwa juu yake ilikuwa inapita mmoja baada ya mwingine, myeupe, vidole chini, kama kila siku, ila sasa vidole vilikuwa vinajikunja na kujikunjua polepole kama vya mtu aliyekufa ganzi, na kutoka kwenye kila kidole jasho lilikuwa linadondoka, tone kwa tone, likaloanisha sakafu, likafika kwenye miguu mitupu ya Suhaila, ambaye alisimama mahali pake pa siku zote, macho wazi, bila kupepesa, akivua glavu ambazo hazikuwepo.

"Adik," Rohayu alisema kwa sauti ndogo. "Twende nyumbani."

Suhaila aligeuka. Sauti iliyomtoka ilikuwa nzito na nzee, na ilikuwa imechoka kupita kiasi.

"Huyu hatafumba macho mpaka na mimi nifumbe."

Mganga mzee, Tok Senik, alifika kwa pikipiki, kofia ya helmeti bado kichwani, akifoka kabla hajaingia. Kiwanda kilipojengwa, ni yeye aliyemwomba ruhusa mwenye ardhi, pepo wa mahali pale, kama inavyofanywa kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa. Aliwasha ubani, akamtazama Suhaila, kisha akamgeukia meneja.

"Ijumaa na kesho yake, Encik. Siku mbili mfululizo kila wiki, bila mashine kunguruma, ili alale. Hilo ndilo neno mlilonituma nimpe, mkala na wali wa manjano wa kiapo juu yake. Mmemfanya nini?"

"Tunafunga siku mbili," Encik Ramzi alisema, akijifuta uso. "Ijumaa na Jumapili. Mbili ni mbili, Tok. Mpe mbuzi. Mpe wawili!"

"Sitaki nyama," ile sauti ikasema. "Kila nikianza kusinzia mnaniamsha. Kila nikianza kusinzia mnaniamsha. Mnajua inavyouma?"

Msichana mmoja ukutani alianza kulia. "Tunajua," alisema.

"Mfukuze basi!" Encik Ramzi alimnong'oneza mganga. "Si ndiyo kazi yako?"

"Nimfukuze vipi kwake mwenyewe? Huyu anaombwa radhi, na anapewa haki yake. Na huyo binti asipolala, Encik, kesho utaniita kwa shughuli nyingine."

Hapo kitu kilikatika ndani ya Rohayu. Hakuwa mtu wa kufoka. Alimshika meneja wake kwenye mkono wa shati, mbele ya watu wote, akamvuta kupanda ngazi hadi mbele ya kompyuta ya mishahara.

"Weka neno lako la siri."

"Rohayu, ngoja tuzungumze na makao makuu..."

"Mdogo wangu amesimama pale na macho wazi! Weka neno lako la siri, Encik, au nikurudishe chini ukaongee naye wewe!"

Encik Ramzi aliliweka. Rohayu alifuta kalenda ya Kuala Lumpur. Aliweka tiki kwenye kile kiboksi. Jumamosi zote za nyuma zikabaki nyekundu mara moja tu, kama siku za mapumziko zilizofanyiwa kazi, na katika kila jina, kuanzia la Suhaila, ovataimu ikajitokeza. Alimfanya meneja aidhinishe, kisha alimfanya atamke kwa kipaza sauti cha kiwanda kwamba Jumamosi mashine hazitawashwa tena.

Chini, mnyororo ulisimama. Suhaila alipepesa macho, akalala palepale kwenye maji.

Ijumaa ya wiki iliyofuata alilala. Jumamosi pia alilala, kwenye godoro sebuleni, akikoroma kidogo, na Rohayu aliketi kando yake akimpepea, moyo wake mwepesi. Mchana ulikuwa kimya.

Kisha, kutoka upande wa kiwanda, kukaja mngurumo.

Rohayu aliacha kupepea. Alisikiliza akitumaini ni lori, lakini mngurumo haukupita, uliendelea kuwa mahali pamoja, ukazidi, ukaingia kwenye mbao za sakafu, na Suhaila akaacha kukoroma, na harufu ya kwapa ikaanza kupenya chini ya mlango, nzito, ya uvuguvugu, na hatua zikapanda ngazi za nyumba moja moja kama za mtu asiyejiweza.

Palipogongwa alifungua, kwa kuwa mlango haukuwa na kufuli la kumzuia yeyote.

Encik Ramzi alisimama pale bila viatu. Shati lake lilikuwa limelowa chapachapa. Mikono yake ilining'inia, vidole chini, vikijikunja na kujikunjua, na macho yake, yasiyopepesa, yalimpita Rohayu yakatua kwenye godoro.

"Wale wa Kuala Lumpur wamewasha mashine," ile sauti nzee ikasema. "Nilale wapi?"